Anko Nyota anajibu: Simu inaonyesha huku, nyota iko kule

Toleo lililopita nilisema kwa kupita tu kwamba siku hizi sio lazima ukariri anga lote, unatoa simu mfukoni unaielekeza juu inakuandikia jina la nyota. Sentensi moja tu ile. Basi nimejitakia mwenyewe, maswali yamemiminika na karibu yote yanaanza na "mbona". Mbona yangu haifanyi hivyo, mbona inadanganya, mbona ya mwenzangu inatembea yangu imeganda. Yanayofanana nimeyaunganisha na yale marefu nimeyakata, mnisamehe.

SWALI: Anko shikamoo. Nimeweka Stellarium kwenye simu, naielekeza kwenye ile nyota inayong'aa kuliko zote inaniambia pale hakuna kitu, halafu nikisogeza simu pembeni ndo inaandika Sirius. Imepishana kama ngumi mbili hivi. Cha ajabu jana ilikuwa imepishana upande wa pili! Simu mbovu, aplikesheni mbovu au mimi ndo mbovu? (Aliyechanganyikiwa)

JIBU: Marahaba. Hakuna mbovu hapo, labda kava la simu tu, nitalifikia.

Tuanze na jambo ambalo ukilielewa nusu ya maswali ya leo yanajijibu yenyewe: simu yako haioni nyota. Haioni hata moja. Ziba kamera kwa kidole uone, majina yataendelea kutembea kwenye skrini kama kawaida. Kinachofanyika mle ndani ni hesabu. Aplikesheni imebeba orodha ya nyota na mahali kila moja ilipo, na orodha zenyewe zimepimwa vizuri mno, satelaiti ya Hipparcos peke yake iliyorushwa mwaka 1989 ilipima nyota 118,218 na hiyo ni ya zamani, Gaia iliyoifuata imeshapita bilioni moja na nusu. Kwa hiyo orodha haina shida. Simu inachotakiwa ni kujibu maswali manne: niko wapi duniani, sasa hivi ni saa ngapi, nimeinuliwa kiasi gani, na nimeelekea upande gani. Ikishajibu inachora anga linavyotakiwa kuwa upande huo. Jibu moja likiwa la uongo mchoro unakuwa wa uongo, ila utabaki unavutia vilevile, majina yamenyooka, mistari ya makundinyota imetulia, huwezi kujua kwa kuuangalia.

Sasa tuwabane hao wanne. Mahali ulipo inatoka kwenye GPS, na hata ikikosea kilomita 11 nyota zinasogea sehemu moja ya kumi ya digrii tu, jicho halioni tofauti hiyo maana mwezi wenyewe una upana wa nusu digrii. Kuinuka na kuinama kwa simu kunapimwa na sensa inayohisi mvutano wa dunia, inajua chini ni wapi, hiyo huwa haisumbui. Saa ndo ya kuangalia. Dunia inajizungusha digrii 15 kila saa moja, kwa hiyo simu ikiwa imesetiwa majira ya nchi nyingine, hata kwa tofauti ya saa moja tu, anga lote linahama digrii 15. Nyoosha mkono ukunje ngumi, hiyo ngumi ni kama digrii 10, basi kosa la saa moja ni ngumi moja na nusu. Lakini kosa la saa lina tabia, linakuwa upande uleule leo na kesho na keshokutwa. La kwako linarukaruka, jana huku leo kule. Huyo ni wa nne, dira.

Dira ya simu ni sensa ndogo sana inayohisi sumaku ya dunia, na sumaku ya dunia ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, kati ya maikrotesla 25 na 65. Sumaku ya kubandika kwenye friji ukiisogeza karibu inaizidi zaidi ya mara mia. Kwa hiyo kava lenye kifungo cha sumaku, spika uliyoiweka jirani, gari uliloegemea, meza ya chuma, pikipiki, hata nondo zilizomo kwenye zege kama wewe ni wa kupanda juu ya paa la zege kuangalia nyota, vyote hivyo vinaivuta. Mimi mwenyewe niliwahi kuegemea gari nikawafundisha watoto wa ndugu zangu majina ya nyota kwa nusu saa nzima, kila moja ilikuwa sio yenyewe. Mmoja wao ana kumbukumbu kali, mpaka leo ananicheka.

Toa kava, sogea hatua kumi kutoka kwenye chuma chochote, halafu zungusha simu hewani kama unachora namba nane, mara nne tano, na simu yenyewe iwe inageukageuka sio mkono tu unaopiga namba nane huku simu imelala. Ukimaliza usianze kuamini, jaribu kwanza kwa kitu unachokijua. Mwezi ukiwepo ndo bora kuliko vyote maana hakuna anayeukosea. Mwezi wa kwenye skrini ukikaa juu ya mwezi wa kweli, endelea. Usipokaa angalia umepishana kiasi gani na upande gani, ukumbuke hilo kila unapotafuta kitu kingine jirani.

Na kitu kingine, usiinyime aplikesheni ruhusa ya kujua ulipo. Najua watu wanaogopa, lakini dira inaelekea kaskazini ya sumaku na nyota zinahesabiwa kwa kaskazini ya kweli, tofauti kati ya hizo mbili inategemea uko wapi duniani na kuna sehemu inapita digrii 20. Simu ina modeli ya sumaku ya dunia ya kusahihisha hilo, modeli hiyo inatolewa upya kila miaka mitano na ya karibuni ni ya 2025, ila bila kujua ulipo haina pa kuanzia.

SWALI: Anko mambo. Yangu haitembei kabisa. Nikizungusha simu anga limeganda palepale, mpaka nisukume kwa kidole. Ya shemeji inatembea yenyewe. Aplikesheni ni ileile. (Simu ya Kawaida)

JIBU: Poa kabisa. Simu yako haina ile sensa ya dira. Simu nyingi za bei ya chini zinaiacha kupunguza gharama na kwenye boksi hawaandiki. Njia rahisi ya kujua ni kufungua ramani ya barabara uone kama kile kimshale kinageuka ukigeuka wewe hali umesimama palepale. Kisipogeuka basi. Kuna na zile ambazo dira ipo ila hazina jairo, yaani sensa inayohisi simu inavyogeuka, hizo zinatembea lakini kwa kushtukashtuka kama zina degedege.

Hakuna apdeti itakayokupa sensa, usipoteze bando. Lakini nikwambie ukweli, hujakosa kikubwa. Wewe jua kaskazini yako iko wapi, lile jua linapozama ni magharibi hivyo kaskazini ni kulia kwako ukilitazama, weka skrini ionyeshe upande huo halafu sukuma kwa kidole. Unalinganisha maumbo tu. Mimi hata kwenye simu yenye dira mara nyingi nazima ile ya kujitembeza, inanichosha macho, na kwa mkono angalau najua aliyekosea ni mimi.

SWALI: Shikamoo Anko. Nimepewa kifaa cha zamani cha mkononi cha kutafutia nyota, sio simu, ni kile cha kuchungulia kama kamera halafu kina kiskrini kidogo pembeni. Kinawaka vizuri na kinapata satelaiti za GPS kama kawaida, ila nyota zote kinasema uongo, yaani hata za kubahatisha hakipati. Nimebadilisha betri mara mbili. (Mpenda Vya Kale)

JIBU: Marahaba, na hongera, hivyo vitu vina raha yake. Kabla simu hazijajaa sensa watu walinunua mashine maalumu kwa kazi hii. SkyScout ya Celestron ilitoka mwaka 2006, ilikuwa na vitu zaidi ya 6,000 kwenye kumbukumbu yake, ukikielekeza kwenye nyota unabonyeza kinakutajia, au unachagua nyota kwenye menyu kinakuwashia vimishale vyekundu pembeni ya tundu la kuchungulia vikikusukuma kushoto, kulia, juu, chini mpaka uipate. Meade nao wakaleta mySky mwaka uliofuata, ile ilishikwa kama bastola. Halafu mwaka 2009 iPhone 3GS ikaja na dira ndani, mwaka huohuo Google wakatoa Sky Map bure kwa Android, na biashara ya hizo mashine ikaisha taratibu.

Sasa kwa chako. Ingia kwenye menyu utafute tarehe. Nina wasiwasi utakuta inasoma mwaka wa zamani. Mfumo wa GPS unahesabu wiki, na vipokezi vya zamani vinaweza kuhesabu mpaka wiki 1,024 tu halafu vinarudi sifuri kama mita ya gari iliyojaa. Hesabu ilirudi sifuri mwezi Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, ingawa kuna vifaa vilivyosetiwa kwa hesabu yao ya ndani kwa hiyo siku yao ya kuchanganyikiwa ni nyingine. Kifaa kikishachanganyikiwa kinaamini tuko nyuma kwa wiki 1,024, ambazo ni miaka 19 na kama miezi saba na nusu hivi. Ile miaka 19 kwa nyota sio tatizo sana, nyota hazina haraka. Hiyo miezi saba na nusu ndo inakuua. Anga linasogea mbele kama dakika nne kila siku, kwa mwaka linarudi lilipoanza, sasa ukikosea miezi saba na nusu unakuwa unaonyeshwa nyota za msimu mwingine kabisa, nyingine saa hizo ziko chini ya miguu yako. Sayari ndo usiseme.

Kama menyu inakuruhusu kuzima GPS na kuweka tarehe, saa na mahali kwa mkono, weka, kitapona. Kisiporuhusu, kimekuwa pambo. Na kuhusu betri, SkyScout ilikuja na vijifuniko vya chuma vya kuvalisha betri ndani, sio urembo, ni vya kuzuia betri zenyewe zisisumbue dira. Watu wengi walivitupa wakidhani ni vya kufungia tu. Kama chako ni hicho na havipo, hata tarehe ikikaa sawa dira itakusumbua.

SWALI: Habari za kazi Anko. Mwanangu wa miaka saba ameniuliza, simu inaonaje nyota tukiwa ndani na juu kuna bati? Nimemwambia ina nguvu kama eksirei. Nimemdanganya? (Mama wa Mdadisi)

JIBU: Nzuri mama. Umemdanganya, ila hajaumia. Jibu ni lile la juu kabisa, simu haioni, inakokotoa. Sasa usimwambie kwa maneno, mfanyie hivi. Usiku ukiingia fungua aplikesheni mkiwa hapohapo ndani, mwambie aielekeze sakafuni. Ataliona jua. Mwambie lile jua liko kweli upande ule, chini ya miguu yenu, ng'ambo ya dunia, linawaangazia watu wengine sasa hivi. Akiamka asubuhi mwambie aielekeze juu atafute nyota, atazikuta mchana kweupe, zipo, ila mwanga wa jua umezifunika. Nimewafanyia watoto wengi hii na ya sakafuni ndo huwa inawamaliza, kuna mmoja alikataa kukanyaga pale.

SWALI: Anko nisaidie. Kwenye simu anga limejaa rangi, kuna galaksi ya Andromeda kubwa imetandaza mabawa, kuna mawingu ya zambarau, kuna Neptune. Natoka nje sioni hata kimoja, naona vidoti tu. Au macho yangu? (Aliyevunjika Moyo)

JIBU: Macho yako mazima. Hizo rangi ni picha za darubini kubwa zilizokusanya mwanga kwa muda mrefu halafu wakazibandika pale kupendezesha. Andromeda ipo kweli, umbali wa miaka nuru milioni 2.5, na kwa macho matupu inaonekana, ila ni kama kijitope cha mwanga, kama mtu kapumulia kioo, tena usiku wa giza haswa. Neptune kwa macho matupu hutaiona hata upande mlima mrefu kuliko yote, mwanga wake ni magnitudi 7.8 na jicho zuri kwenye giza zuri linaishia kwenye 6 au zaidi kidogo (hizo namba zinakwenda kinyume, ikipanda mwanga unafifia, nani aliyezipanga hivyo ni hadithi ndefu ya Wagiriki).

Ingia kwenye setingi utafute ukomo wa mwanga wa nyota, aplikesheni nyingi nzuri zinao. Kama unakaa penye taa nyingi weka 3 au 4. Penye giza weka 5. Zima na zile picha za galaksi. Skrini itabaki na nyota chache zilezile unazoziona, ghafla utaona kitu kinafanana na anga lako. Kwa maoni yangu hili ndo kosa kubwa la hizi aplikesheni kwa mtu anayeanza, zinamwonyesha vitu vingi mno. Nyota zinazoonekana kwa macho matupu anga zima, kaskazini na kusini, ni kama 6,000 hivi, na wewe kwa wakati mmoja unaona chini ya nusu. Mgeni anahitaji ishirini tu. Anza na Jabari, wazungu wanamwita Orion, ana nyota tatu zimepanga mstari kiunoni. Fuata mstari wa mkanda upande mmoja unafika Sirius, upande wa pili unafika Aldebaran, wazee wetu wa bahari wanaiita Dabarani, endelea mbele kidogo unakuta kile kishada cha Kilimia. Hapo umeshapata nne bila simu.

SWALI: Nikiangalia simu nikiinua macho naona giza tupu, mpaka nisubiri. Nikisubiri nasahau ilikuwa upande gani, naangalia tena simu. Imekuwa mchezo.

JIBU: Hujaweka jina ila umesema la wengi. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa skrini unafuta kazi yote hiyo kwa sekunde chache. Kuna kitufe cha hali ya usiku ndani ya aplikesheni, kinageuza kila kitu kuwa chekundu, maana zile seli za jicho zinazoona gizani haziushtukii sana mwekundu. Kiwashe KABLA hujatoka nje. Halafu punguza mwanga wa skrini mpaka chini kabisa, nyekundu kali nayo inaharibu. Na uzime meseji, maana unakaa nusu saa macho yamezoea vizuri, inaingia meseji ya kundi la harusi nyeupe peee usoni, unaanza upya. Ukishindwa kabisa funga jicho moja unapoangalia simu. Utaonekana kama haramia lakini inafanya kazi.

SWALI: Juzi nimeona nyota inatembea, haipepesi wala haina mlio, imekuja mpaka katikati ya anga ikazimika. Nimeelekeza simu palepale, haina habari. Ni nini Anko? Nyumbani wameshaanza kusema mambo mengine. (Shahidi)

JIBU: Waambie watulie. Ni satelaiti, inang'aa kwa sababu kule juu bado inapigwa na jua wakati huku chini kwetu limeshazama, na kuzimika katikati ya anga ni kwamba imeingia kwenye kivuli cha dunia. Ingekuwa ndege ungeona taa zinapepesa, nyekundu na kijani. Na ikiwa kubwa inang'aa kuliko nyota zote inakata anga kwa dakika chache basi huenda ulikiona kile kituo cha anga cha kimataifa, kiko juu kama kilomita 400 na ndani yake kuna watu, kinaizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Msururu wa vidoti vimepangana kama shanga ni satelaiti za Starlink zikiwa zimerushwa karibuni, zilianza 2019 na zilitia watu wengi kiwewe.

Kwanini simu haikuiona? Nyota zinakaa palepale kwa hiyo orodha yake inatosha milele, hata bila bando, hata simu ikiwa haina laini, aplikesheni itakuonyesha nyota na sayari sawasawa. Satelaiti sio hivyo. Njia zao zinabadilika kila wakati, hewa ile nyembamba inaziburuza, zenyewe zinawasha injini kujirekebisha, kwa hiyo taarifa zake zinachacha kama maziwa. Aplikesheni isipopata intaneti kwa wiki kadhaa itaionyesha imechelewa au imewahi, au haitaionyesha kabisa. Iunganishe kwanza, iache ipakue taarifa mpya, halafu ndo utoke nje. Na angalia kwenye setingi kama umeruhusu satelaiti zionekane, nyingi zinazificha mpaka uziombe.

SWALI: Ndugu Anko, nina darubini ndogo ya kwenye stendi. Nimeifunga simu juu yake kwa raba ili inipeleke kwenye Zohali, inanipeleka hewani tu. Kuna namna? (Fundi wa Raba)

JIBU: Nimecheka lakini wazo lako sio baya, ulichokosea ni mahesabu. Dira ya simu hata ikiwa na siku nzuri inakosea digrii mbili tatu, na wewe umeibandika kwenye bomba lenye chuma. Darubini yako kwa lenzi ya kawaida inaona kipande cha anga cha digrii moja au chini ya hapo. Ni kama kuelekezwa "nyumba iko mtaa ule" wakati unatakiwa kugonga mlango.

Sayari haina haja ya vyote hivyo. Tumia simu kujua tu Zohali iko upande gani na jirani na nyota ipi, itazame kwa macho, ndo ile inayotoa mwanga wa manjanomanjano bila kumetameta, halafu ilenge kwa kile kidarubini kidogo cha pembeni. Weka lenzi inayokuza kidogo kwanza. Ikishaingia, ukuzaji wa mara 30 kwenda juu unakuonyesha pete. Kama uliitazama mwaka 2025 ukaona kijimstari tu usilaumu darubini, mwaka ule pete zilitugeuzia ubavu, zinafunguka tena kidogokidogo.

Ila kwa vile vitu hafifu visivyoonekana kwa macho kuna simu zinazoweza, na hapa lazima nijisahihishe maana nimeimba tangu juu kwamba simu haioni nyota. Kuna mfumo mmoja unaitwa StarSense Explorer, ulitoka 2020, simu inakaa kwenye kishikio chenye kioo juu ya darubini, kamera inapiga picha ya anga kweli, halafu programu inalinganisha yale maumbo ya nyota kwenye picha na orodha yake mpaka inajua imelenga wapi hasa. Haitegemei dira ya simu kujua imelenga wapi. Hiyo inaona. Inakupa mshale, unasukuma bomba kwa mkono mpaka alama ya shabaha kwenye skrini igeuke kijani. Sasa usinitumie meseji kwamba umefunga simu kwa raba ukaelekeza kamera juu, bila ule mpangilio haiendi.

Na mchana usije ukaitumia kulitafuta jua. Simu inaweza kukuonyesha lilipo kwa usahihi kabisa na ndo ubaya wenyewe, darubini isiyo na kichujio maalumu mbele ya bomba inachoma jicho kabla hujasikia maumivu.

SWALI: Anko shkamoo. Hili usiniangushe. Nimezaliwa tarehe 10 Desemba, mnajimu ananiambia mimi nyota yangu ni Mshale. Nimeweka tarehe yangu na mwaka kwenye aplikesheni nikaangalia jua lilikuwa wapi siku hiyo, halipo kwenye Mshale, liko kwenye kitu kinaitwa Ophiuchus. Nani mwongo? (Mshale, au sijui nani)

JIBU: Marahaba. Umefanya kitu ambacho wengi hawafanyi, umekagua. Aplikesheni iko sahihi. Makundinyota yana mipaka rasmi, yako 88, mipaka ikachapishwa mwaka 1930, na jua kwenye safari yake ya mwaka linapita kwenye 13 sio 12. Hilo la 13 ndo lako, Ophiuchus, mtu aliyeshika nyoka, jua linakaa humo kuanzia kama tarehe 30 Novemba mpaka 17 Desemba. Kwenye Nge linapita wiki moja tu, ingawa wanajimu wamempa mwezi mzima. Juu ya hapo mhimili wa dunia unayumba taratibu kama pia inayotaka kuanguka, mzunguko mmoja ni kama miaka 26,000, kwa hiyo tarehe zilizopangwa miaka 2,000 hivi iliyopita zimeshahama karibu kundi zima. Mnajimu anatumia kalenda ya zamani, simu inatumia anga la siku uliyozaliwa. Za bahati na ndoa muulize yeye, mimi simo.

Ila kama unataka kuliona hilo kundi lako usitoke nje siku ya birthday, utalikosa, maana siku hiyo jua limekaa hapohapo ndani yake na linazama nalo. Subiri Juni mpaka Agosti, giza likishaingia vizuri, tafuta kwanza Nge kwa ile nyota yake nyekundu ya kifuani, Antares, halafu panda kaskazini kidogo tu. Ni kundi kubwa lenye nyota hafifu, kwa hiyo ule ukomo wa mwanga uliouweka kwenye setingi upandishe mpaka 4 ndo litajitokeza kwenye skrini.